Mtaani Kwetu Hakuna Anayeimba

Malalamiko yangu ya kelele yana umri mkubwa kuliko watoto wengine wa mtaa huu, na muda wote yamekwama mahali pamoja: kwenye kitenzi.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na dini ya mtu, sanaa ya mtu wala riziki ya mtu. Nina ugomvi na usingizi wangu, ambao umenihama. Nyumba yangu ipo uswahilini, wilaya ya Temeke, na Mungu amenipangia majirani. Mashariki kuna madrasa. Magharibi kuna kanisa lililoanza na turubai, sasa lina mabati na spika mbili. Nyuma ya choo kuna kijiwe cha vijana wa singeli. Mbele ni kituo cha daladala. Na ukuta kwa ukuta nimepakana na mwalimu mstaafu ambaye serikali ilimwachisha kufundisha, lakini hakuna aliyemwachisha mashairi. Mgeni yeyote mwenye masikio yake akisimama uani kwangu saa mbili usiku atasema, "Huku kwenu watu wanaimba kweli."

Asithubutu. Nilithubutu mimi, na tangu hapo salamu zangu nyingine mtaani zinaitikiwa kwa kidevu.

Tuanze na madrasa, kwa adabu zote. Kila jioni inapokaribia Mfungo Sita watoto hufanya mazoezi ya kaswida, na mazoezi yenyewe ni ya kipaza sauti. Nikamwendea ustadhi, tukasalimiana salamu ndefu za watu wanaoheshimiana, kisha nikasema, "Ustadhi, watoto wanaimba vizuri sana, ila..."

Hiyo "ila" haikufika popote.

"Hawaimbi, mzee wangu," akanikata kwa upole. "Wanasoma."

Nikachungulia. Wamesimama safu mbili, wanayumba kulia na kushoto, dufu linapigwa, mmoja anatoa na wengine wanaitikia. Hakuna aliyeshika kitabu wala karatasi. Wanasoma.

Na ustadhi ana haki yake, kwa sababu pwani nzima inasema hivyo hivyo. Kaswida husomwa. Maulidi husomwa. Ile Barzanji, ambayo Jaafar al-Barzanji aliiandika Madina katika karne ya 18, hapa kwetu inapokezanwa na wasomaji kwa mahadhi yanayoweza kumliza mtu asiyejua hata herufi moja ya Kiarabu. Watu wanaitikia, wakifika pa kusimama wanasimama, marashi yanamwagwa, ubani unafuka. Lakini asubuhi yake ukisema "jana tuliimba maulidi," utatazamwa kana kwamba uliingia na viatu kwenye mkeka. Unguja wana Maulidi ya Homu, watu wanapiga magoti safu moja na kuinama pamoja kwa mpangilio ambao jeshi lenyewe lingeusifu: yanasomwa. Lamu kuna maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ya tangu zama za mwasisi wake Habib Saleh, na watu wanayafuata kila mwaka kutoka nchi za mbali, matari na kila kitu: yanasomwa.

Qur'ani sitii mguu kabisa. Ina elimu yake ya tajwidi, kuna herufi ya kuvuta, kuna ya kutoa sauti puani, kuna pa kusimama na pa kuunganisha, na Dar es Salaam inaandaa mashindano ya kimataifa ambako kosa dogo la kuvuta linamgharimu mtu zawadi. Kitabu cha Mungu kinasomwa, nami sina la kuongeza. Adhana nayo huadhiniwa, na ndiyo inayoniamsha, nashukuru. Mimi nilikwenda kuzungumzia kipaza sauti cha watoto wa kaswida. Nikarudi nyumbani nimefundishwa kitenzi, na kipaza sauti kipo pale pale.

Nikasema basi, nijaribu magharibi. Huko najua hakuna ubishi, kwa sababu kwaya ni kwaya, na Zaburi zenyewe zinaamrisha kuimba bila kuzunguka. Nikamkuta mchungaji anafunga kinanda. "Bwana asifiwe, mchungaji. Hawa vijana wako wanaimba mpaka saa ngapi?"

"Hawaimbi, baba," akasema, uso umejaa amani. "Wanahudumu."

Nikauliza, na wale wa mbele, walioshika maikrofoni wakafumba macho? Wale, akaniambia, wanasifu na kuabudu. Kumbe hata hapo kuna migawanyo. Kusifu ni kwa haraka, miguu inahusika na vumbi linatimka. Kuabudu ni kwa polepole, mikono juu, kinanda kinashikilia noti moja mpaka umeme wa mtaa upungue. Katikati yake kuna mapambio, ambayo ni mafupi kwa maneno na marefu kwa muda, kwa sababu mstari mmoja unarudiwa mpaka Roho atosheke. Nikauliza sasa kuimba ni saa ngapi. Akasema kuimba ni kwa wale wa duniani.

Nawapa heshima zao Wakatoliki na Walutheri. Padri huimba misa, na waamini wanajua kuna misa ya kuimba na misa ya kusoma. Mchungaji wa Kilutheri huimba liturjia mbele ya watu, usharika ukamjibu kwa kuimba, na hakuna anayejificha nyuma ya kitenzi kingine. Ingawa nao hawajanusurika. Kitabu cha nyimbo kilichozoeleka sana makanisani kinaitwa Tenzi za Rohoni, na mwalimu wangu mstaafu kila akilisikia jina hilo hushika kichwa. Utenzi, anasema, una mishororo minne, kila mshororo mizani 8, vina vya mitatu ya kwanza vinalingana na cha mwisho kinarudi mwishoni mwa kila ubeti. Zile za kwenye kitabu ni nyimbo zilizokuja na wamisionari pamoja na mahadhi yake. Kwa hiyo kanisani wanaimba vitu vinavyoitwa tenzi ambavyo si tenzi, wakati yeye ana tenzi zenyewe na haimbi.

Ndiyo. Naye haimbi. Huyu ndiye aliyenikatisha tamaa kuliko wote.

Mwalimu huanza baada ya chakula cha usiku. Hukohoa kwanza, kisha sauti inatoka puani, inapanda, inakaa juu kidogo, inateremka kwa ngazi, inapumzika kwenye kina. Beti baada ya beti. Akimaliza zake anahamia kwa Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858 alimwandikia bintiye wosia wa namna ya kukaa na mume, nami nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba sasa najua wajibu wa mke wa Pate kuliko wajibu wangu mwenyewe. Nikamgongea ukuta. "Shikamoo mwalimu. Unaimba mpaka saa ngapi?"

Ukuta ukanyamaza. Kisha ukajibu, kwa sauti ya kumsahihisha mtoto wa darasa la tatu: "Marahaba. Siimbi. Naghani."

Akatoka nje kabisa kunieleza. Kuimba, alisema, sauti ndiyo bwana na maneno ni watumishi. Mwimbaji akitaka kuvuta neno moja mpaka lipoteze maana, anavuta. Kughani, maneno ndiyo bwana. Hakuna ala, hakuna kiuno, mahadhi yanabeba mizani tu ili msikilizaji asipoteze hesabu. Mghani yuko kati ya kusema na kuimba. Akaongeza kwamba kumwita mghani mwimbaji ni kumvunjia heshima.

Heshima hiyo ina gharama zake. Wiki iliyofuata aliwaalika majirani, "Jumamosi njooni, nitaghani kidogo." Jirani yetu wa nyumba ya pili, mtu wa kutoka bara ambaye masikio yake hayajazoea ghaini ya watu wa pwani, akasikia "kuhani". Jumamosi akafika amevaa kitenge cheusi, mkewe nyuma yake na ndoo ya mchele, akamshika mwalimu mkono kwa huzuni, "Pole sana mwalimu, kazi ya Mungu haina makosa," akamkabidhi bahasha ya rambirambi. Mwalimu akaghani kwa hasira usiku ule. Bahasha hakuirudisha.

Sasa sikilizeni jambo lililonirudishia nguvu. Nikiwa kwa ustadhi kwa shughuli nyingine, nikamuuliza hili neno "ghani" asili yake wapi. Akacheka. Kwa Kiarabu, akasema, "ghanna" maana yake ni kuimba. Na "mughanni" ni mwimbaji, huyu huyu wa kawaida, mwenye bendi na harusi. Nikatoka pale mbio, nikamgongea mwalimu ukuta, nikampa habari: kumbe unaimba, tena kwa Kiarabu! Akanijibu kwamba Kiarabu kina mambo yake, na neno likishuka bandarini linafuata sheria za mji.

Sikukubali kushindwa. Nikamkumbusha Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtu aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga mashairi, ambacho mwalimu anacho na amekijalidi kwa gazeti. Humo shairi ni wimbo, na shairi lisiloimbika halijawa shairi. Nikamkumbusha na ugomvi mkubwa wa miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wazee wa kimapokeo wakasimama kidete: hayaimbiki haya! Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wakati huo, na anajisifu kwamba aliandika barua gazetini akipigania uimbikaji.

Nikamwambia, sasa nieleweshe mwalimu. Mkigombana na vijana wa mashairi huru, shairi lazima liimbwe. Nikilalamika mimi jirani yako, shairi haliimbwi, linaghaniwa.

"Hilo," akasema, "ni suala la muktadha." Akafunga mlango. Mara nikasikia anakohoa.

Kwa upande wa nyuma sikuwa na wasiwasi. Vijana wa singeli hawana Kiarabu wala hawana maulidi, na mpigo wao unakwenda kasi mpaka kikombe kinatembea mezani. Nikawaambia, "Wadogo zangu, mnaimba mchana, mnaimba usiku, hampumziki?" Wakatazamana kwa huruma. "Mzee, hatuimbi. Tunachana."

Kuchana! Nilikuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakati baba zao walipokuwa wanavaa suruali pana na kugeuza kofia nyuma, na muziki ule tuliuita wa kufokafoka. Jina lile lilikuwa na ukweli ndani yake: maji hufoka yakichemka na mtu hufoka akikasirika, na wale walifanya yote mawili. Sasa kufoka kumeonekana kama tusi, wamehamia kwenye kuchana. Wanachana mistari. Nikauliza yule mwenye sauti nyembamba anayerudiarudia maneno katikati, naye anachana? Hapana, yule yuko kwenye kiitikio. Basi angalau huyo anaimba? Hapana mzee, yule ni msanii.

Hili la msanii naliweka kando kwa siku yake, maana hasira yangu haitoshi kwa yote. Zamani tulikuwa na mwimbaji, tulikuwa na mwanamuziki, na watu wa bendi za dansi walijua nani ni nani. Leo wote wamekuwa wasanii, neno ambalo mjini hapa lina maana ya pili inayojulikana na yeyote aliyewahi kukopesha pesa. Mtu akikwambia "yule jamaa msanii" huna budi kuuliza: ana albamu au ana deni lako?

Na msanii akipanda jukwaani haimbi, anatumbuiza. Wasomaji wa makamo watakumbuka kutumbuiza kulikuwa nini. Mama alimtumbuiza mtoto alale. Mgonjwa alitumbuizwa asahau maumivu. Ni neno la kuliwaza, la sauti ya chini, la mkono mgongoni. Leo mtangazaji anapiga kelele kwamba fulani "atatumbuiza mpaka majogoo," moshi unatoka, mabomba ya moto yanalipuka, na huyo anayetumbuiza mara nyingi anatembeza midomo tu juu ya sauti aliyorekodi studio, anarukaruka, anawaambia watu wanyooshe mikono. Watoto wote wa kata wameamka. Nani ametumbuizwa hapo?

Nikaanza kuchunguza kila mdomo unaofunguka mtaani, na nimegundua kwamba nchi hii imejaa nyimbo lakini imeishiwa waimbaji. Asubuhi watoto wa shule wanapita na wimbo, mmoja mbele anatoa na mia nyuma wanapokea: hao wanakimbia mchakamchaka. Wakifika shuleni na kuna mgeni rasmi, wanapangwa mstari, wanatupa mikono kulia, wanatupa kushoto, wanamweleza mgeni matatizo ya madawati kwa sauti moja ya kupanda na kushuka: hizo ni ngonjera, zilizopewa umbo na Mathias Mnyampala akiwa na wenzake wa chama cha washairi, UKUTA, na huwa "zinasomwa" na watoto wasio na karatasi, kama kule madrasa. Shemeji yangu wa Mombasa anasema kwao watoto hawasomi mashairi, wanayakariri, tena kuna mashindano ya shule hadi taifa. Nikamwonya asije akalitumia neno hilo huku. Huku kukariri ni dhambi ya mwanafunzi asiyeelewa. Ukimwambia mwalimu wangu mstaafu kwamba amekariri vizuri, anaweza kukata undugu.

Kituoni kijana anaita "Mbagala, Mbagala, Rangi Tatu, wawili tu hao, Mbagala" kwa lahani ambayo hajaibadilisha tangu nimjue, ina mwanzo, kati na pa kupumulia. Anapiga debe. Mwenye nguo za mtumba anarudia bei moja kwa kupandisha neno la mwisho. Ananadi. Wale wa jezi nyekundu na wale wa jezi za kijani na njano, siku ya mechi wanapita na ngoma na nyimbo za kumtaja mtani kwa mapungufu yake yote. Wanashangilia. Msimu wa kampeni, gari linapita na wimbo wa kumsifu mgombea. Linahamasisha. Harusini kina mama wanarushiana maneno kwa maneno ya mtu mwingine yaliyotiwa kinanda. Wanapashana. Hata jogoo wa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, anayeanza saa tisa usiku bila kibali cha mtu, ana kitenzi chake mwenyewe: anawika.

Nani basi amebaki na kuimba?

Na hapa ndipo manung'uniko yangu yanapogeuka uchungu. Maana kuimba ndiye mwenyeji. Waganda wanasema okuyimba, Wanyarwanda kuririmba, wenye Kilingala koyemba, Washona kule Zimbabwe kuimba, barabara kama sisi. Ni neno la Kibantu la tangu hatujajua bahari, limetembea msituni na nyanda za juu kwa miguu mpaka limefika pwani. Limefika, limewapokea wageni, kaswida na kughani kutoka Uarabuni, kwaya kutoka Ulaya, limewakaribisha kitini. Wageni wamekaa. Mwenyeji yuko nje anaosha vyombo.

Wazee wetu hawakuwa na haya hiyo. Walikuwa na majina mengi, tena matamu, lakini majina yalikuwa ya nyimbo, kitenzi kilibaki kimoja. Mkulima alikuwa na wawe zake za shambani, baharia kimai zake, jandoni kulikuwa na nyiso, msibani mbolezi, mtoto alikuwa na bembelezi. Kila kazi na wimbo wake, na wote waliokuwa wakizitoa walikuwa wakiimba. Baharia hakusema "siimbi, navuta tanga." Alivuta tanga na akaimba.

Mkinibishia kwamba kuimba ni kazi ya watu duni, nitawapa Siti binti Saad. Binti wa Fumba, aliyekuja mjini Unguja akitembeza vyungu, na sauti yake ikawa inafika kabla ya vyungu. Waliomdharau walikuwa wengi, kwa uzawa wake, kwa sura yake na kwa huo uimbaji wenyewe. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay na wenzake, wakarekodi kwa Kiswahili, na santuri zikarudi kuuzwa pwani nzima mpaka kwa watu waliomcheka. Na nani akakaa chini kuandika wasifu wake? Shaaban Robert, bingwa wa mizani na vina, mtu ambaye mwalimu wangu mstaafu akimtaja huinuka kitini. Mshairi mkuu akaandika kitabu kizima kumhusu mwanamke aliyeimba. Nilipomwambia mwalimu hoja hiyo, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema Siti alikuwa Siti.

Basi kikaitishwa kikao cha mtaa. Nilikiomba mwenyewe, na ajenda niliiandika kwa mkono wangu: "Tatizo la watu wanaoimba usiku." Mwenyekiti akafungua, akauliza kwa sauti ya serikali: "Ndugu wananchi, nani kati yenu anaimba usiku?"

Ustadhi akatazama dari. Mchungaji akatabasamu. Mwalimu akasafisha miwani. Vijana wakatazama simu. Mpiga debe akatazama barabara.

Katibu akaandika kwenye daftari, nami nilikuwa namchungulia begani: "Imeonekana mtaani hapa hakuna anayeimba. Ajenda imefungwa." Tukahamia kwenye taka.

Aliyeniokoa ni mama muuza vitumbua, ambaye kibanda chake kiko katikati ya pande zote nne na anaamka pamoja na jogoo. Nilimuuliza anawezaje kulala. Akasema analala vizuri tu. Nikadhani ana pamba masikioni. Kumbe ana vitenzi. Kesho yake nikamfuata kwa mbali nijionee. Kwa ustadhi alisema, "Mashaallah, wanangu wanasoma, Mungu awazidishie. Ustadhi, ile mashine ukiigeuzia kule barabarani na wapita njia watafaidika." Ikageuzwa siku ile ile. Kwa mchungaji: "Mlivyohudumu jana, mpaka nikalia. Ila mwanangu ana mtihani." Spika moja ikazimwa. Kwa vijana: "Leo mmechana, wanangu! Mimi lakini naamka saa tisa kuumua unga, mama yenu nitakufa." Wakazima kabisa, na mmoja akamsukumia ndoo ya maji.

Kwa mwalimu hakusema kitu. Alikaa kwenye kigoda, akasikiliza beti mbili zilizoghaniwa, akasema "naam" mahali panapostahili "naam", akaaga. Mwalimu akalala saa tatu, ameridhika.

Nimekasirika sana, lakini nimejifunza. Kumbe hakuna aliyekuwa akinificha ukweli. Kila mmoja alikuwa ananiambia nimwite kwa kazi yake. Msomaji anataka ajulikane anasoma, kwa sababu miaka yake imepita kwenye mkeka akikosolewa herufi. Mchanaji naye kakesha akipanga vina, ingawa mwalimu akisikia nasema hivyo ataapa si vina. Ukimwambia mtu "unaimba" kwa sauti niliyokuwa naitumia mimi, anasikia "unapiga kelele", na kusema kweli ndicho nilichokuwa namwambia. Kwa hiyo sasa natembea na vitenzi mfukoni na kuvigawa mlango kwa mlango, na mke wangu anasema nimekuwa mnafiki mwenye usingizi mzuri.

Nilikuwa, mpaka mwezi uliopita. Kwenye kona kumefunguliwa baa, na mlangoni wameweka spika yenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Nikaenda na vitenzi vyangu vyote. Mwenye baa yuko mkoani. Meneja hana mamlaka. Mhudumu alinitazama nikimsifia muziki, akaniuliza nakunywa nini. Ndani wateja watatu, hakuna aliyefungua mdomo. Nyimbo zinatoka zenyewe kwenye flashi, zinaisha, zinaanza upya, hadi alfajiri. Na kila pembe sasa kuna vipaza sauti vyenye sauti iliyorekodiwa vinavyonadi sumu ya panya kutwa nzima, mwenyewe kalala kivulini. Utamwambia nani amenadi vizuri?

Nikakumbuka serikalini wapo wenye kipimo cha desibeli, chombo ambacho hakiulizi kama umesoma, umeghani au umechana. Nikapiga simu. Akapokea dada mmoja mstaarabu, akanisikiliza vizuri, akachukua jina la mtaa na kata, kisha akauliza:

"Sasa mzee, hapo baa ni nani anayeimba?"

Nikamwambia hakuna mtu, dada. Ni spika tu.

Akashusha pumzi. "Tunahitaji jina la mlalamikiwa, mzee. Hivi kweli hakuna mtu yeyote anayeimba huko kwenu?"

Nikampa jina la jogoo wa mwenyekiti.